Waenda kwa Miguu na Waendesha Baiskeli: Haki Zao katika Barabara za Kinondoni na Temeke

Barabara kuu za Dar es Salaam zilijengwa za kutokea mjini. Ya Bagamoyo inashika kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kwenda Pugu, ya Kilwa inateremka kusini kuelekea Lindi na Mtwara; ya Mandela inazikata kutoka Ubungo hadi bandarini, na ndiyo inayobeba malori ya makontena. Mji ulipokua uliandamana na barabara hizo: Mwenge, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, Mtoni, Mbagala na Kongowe upande wa Temeke. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na hiyo ni baada ya wilaya za Ubungo na Kigamboni kumegwa kutoka humo. Barabara iliyokusudiwa kupitisha magari ya safari sasa inapita katikati ya makazi, soko likiwa upande huu, shule ng'ambo na kituo cha daladala mahali ambapo hakuna kivuko. Lori la Mtwara na mtoto wa darasa la pili wanatumia lami ileile.

Anayepanda daladala naye ni mwenda kwa miguu, kwa sababu safari yake inaanzia na kuishia kando ya barabara. Kwa hiyo habari za haki za waenda kwa miguu zinawahusu karibu wakazi wote wa pembezoni, pamoja na wenye magari siku gari linapokuwa gereji.

Ukubwa wa tatizo hauonekani vizuri katika takwimu za kawaida. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani kwa mwaka 2016, lakini makadirio ya shirika lenyewe yalikuwa vifo 16,252. Tofauti kubwa namna hiyo ina maana kwamba wengi wanaofariki hawaingii katika daftari la ajali, na anayefia wodini wiki kadhaa baada ya kugongwa ni rahisi kusahaulika kuliko aliyefia pale pale. Kwa dunia nzima, ripoti ya 2023 ilihesabu vifo milioni 1.19 mwaka 2021. Waenda kwa miguu walikuwa asilimia 23 na waendesha baiskeli asilimia 6.

Msingi wa haki hizi ni Katiba. Ibara ya 14 inatambua haki ya kuishi na kulindwa uhai, na ibara ya 17 inatambua uhuru wa mtu kwenda atakako ndani ya nchi. Utekelezaji wake barabarani uko katika Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, miaka mingi kabla bodaboda haijawa usafiri wa umma. Ni sheria kuukuu, na upungufu wake umesemwa sana na wanasheria, wakiwamo wa Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, waliojiunga na mashirika mengine kudai ifanyiwe marekebisho. Hata hivyo kuhusu kivuko sheria hiyo haina utata. Mwenda kwa miguu akishaingia kwenye kivuko, dereva anapaswa kumpisha. Gari likisimama kwenye zebra ili watu wavuke, gari jingine haliruhusiwi kulipita.

Kanuni hiyo ya pili inastahili uzito kuliko inavyopewa, kwa kuwa ndiyo inayovunjwa kwa namna mbaya zaidi. Katika barabara yenye njia mbili kila upande, kama ya Bagamoyo baada ya Mwenge, daladala ikisimama kwenye zebra kuruhusu watu wavuke inawaziba wasionekane kutoka njia ya pili. Gari linalokuja kwa kasi upande wa kulia halimwoni anayevuka mpaka anapojitokeza mbele ya daladala, naye halioni. Aliyepishwa na dereva mmoja anauawa na mwingine. Busara ya mvukaji ni kusimama tena anapofika mwisho wa gari lililompisha na kuchungulia njia ya pili kabla ya kuendelea, ingawa kisheria hadaiwi hilo. Wajibu ni wa dereva.

Mwenda kwa miguu naye ana wajibu wake. Palipo na kivuko karibu anatakiwa akitumie, na akishaingia asizubae humo. Taa au askari wa usalama barabarani akielekeza vinginevyo, atii. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia ili atazamane na magari yanayokuja upande wake, maana Tanzania magari hupita kushoto. Usiku katika barabara isiyo na taa, nguo nyeupe au kitu kinachoakisi mwanga humfanya aonekane mapema. Lakini wajibu wa kutumia kivuko una maana pale tu kivuko kipo, kinaonekana na kiko kwenye njia ya watu. Rangi ya zebra ikishafutika, wageni hawajui kama ipo na wenyeji wanaikumbuka tu.

Katika yote yanayoamua kama mtu aliyegongwa ataishi, mwendo wa gari ni wa kwanza. Sheria ya 1973, kifungu cha 51, inaweka kilomita 50 kwa saa kama ukomo katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari hukata mita 14 hivi kila sekunde. Dereva makini huchukua kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, kisha gari lenye breki nzima kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 14 kusimama. Jumla ni mita 28 hivi. Akiwa kilomita 30 jumla hiyo hushuka hadi mita 13 au 14. Akiwa kilomita 80, jambo la kawaida usiku pale Tegeta au Mbagala barabara inapokuwa nyeupe, inapanda hadi karibu mita 57. Mtoto aliyejitokeza mita 20 mbele ya gari huponea kwenye kilomita 30, hugongwa kwenye 50, na kwenye 80 hugongwa kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulipendekeza kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kwa kipimo hicho, hata dereva anayetii kilomita 50 za sheria ya Tanzania bado ana mwendo mkubwa mbele ya lango la shule.

Silaha inayojulikana zaidi dhidi ya mwendo ni tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Faini ya papo kwa papo ni Sh 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi Sh 10,000 mwaka 2022. Tochi ina manufaa, ila hufanya kazi pale askari alipo na saa aliyopo, na madereva hupeana ishara za taa kuambiana kuwa yuko mbele. Tuta halipeani ishara na mtu, wala halilali.

Temeke ina historia katika jambo hili ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo, pamoja na Morogoro, na kwa Kenya Nairobi na Eldoret, ilichaguliwa katika mradi wa majaribio wa usafiri usiotumia injini chini ya SSATP, mpango wa sera za usafiri Afrika unaosimamiwa na Benki ya Dunia. Mafunzo ya mradi huo yaliandikwa na Marius de Langen na Rustica Tembele katika mwongozo uliochapishwa mwaka 2001. Hoja yake kuu ilikuwa rahisi: zebra ya rangi peke yake haimpunguzii dereva mwendo, lakini zebra iliyoinuliwa juu ya tuta bapa inampunguzia apende asipende, na kisiwa cha katikati kinampa mvukaji mahali pa kupumua ili avuke upande mmoja kwa wakati. Hivyo Temeke ilikuwa darasa la mbinu hizi robo karne kabla hazijawa msemo wa mikutano ya kimataifa. Kinachosikitisha ni kwamba barabara nyingi zilizojengwa baadaye mjini hazikuwa na dalili ya kuwa darasa hilo liliwahi kufundishwa.

Mbinu hizohizo zilirudi kupitia shule za msingi. Shirika la Amend lilianzisha mpango unaoitwa SARSAI, unaokagua njia ambazo wanafunzi hupita kwa miguu na kuzirekebisha kwa vitu vya gharama ndogo: matuta, vivuko vilivyoinuliwa, njia za miguu, vigingi vya kuzuia magari na alama. Tathmini iliyofanyika Dar es Salaam, ikilinganisha maeneo ya shule zilizorekebishwa na yasiyorekebishwa, iliona majeraha ya watoto yakipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya WRI Ross ya miji. Ushindi huo ni wa kupongezwa, ingawa unaacha swali: kitu kilichothibitishwa Dar es Salaam kwa gharama ya saruji na rangi kwa nini kisiwe sharti katika kila mkataba wa barabara inayopita mbele ya shule?

Madaraja ya waenda kwa miguu ni jibu la aina nyingine, na si jibu zuri siku zote. Daraja la Manzese, katika Barabara ya Morogoro, limekuwa alama ya eneo hilo kwa miaka mingi. Daraja humtenga mtu na gari kabisa, lakini humtaka mama mwenye beseni la samaki kichwani apande ngazi na kushuka, ili gari lisipunguze mwendo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu daraja la ngazi ni ukuta. Mahali pa njia nane na malori mfululizo linaweza kuwa la lazima. Kwenye barabara ya njia mbili ya mtaani, kivuko kilichoinuliwa kinatosha na kinatumika na wote.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulibadilisha sura ya baadhi ya barabara hizi. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016 ikiwa na njia za miguu na za baiskeli kando yake. Awamu ya pili imefuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Kwa kuwa vituo viko katikati ya barabara, kila abiria lazima avuke ili apande basi, na kwa hiyo ubora wa vivuko ni sehemu ya mradi wenyewe. Njia ya basi yenyewe si ya waenda kwa miguu, baiskeli wala bodaboda. Basi lile ni kimya kuliko lori, na dereva wake hatarajii mtu humo.

Njia za miguu zikijengwa, huanza mapambano ya kuzitumia. Genge la nyanya, meza ya chipsi, fundi viatu, gari lililoegeshwa na bodaboda anayekwepa foleni wote huzitaka. Mwaka 2021 mamlaka za mkoa ziliwahamisha wamachinga kutoka kwenye njia za miguu na hifadhi za barabara, na kwa muda watu walitembea kwa nafasi. Machinga alihamishwa kwa nguvu, huku magari yanayoegeshwa juu ya njia hizohizo yakivumiliwa zaidi, na hapo ndipo utekelezaji ulipopinda: gari la tani mbili humsukuma mtoto barabarani zaidi kuliko meza ya karanga. Kisheria vyote ni kizuizi. Ndani ya mitaa, mradi wa uendelezaji wa jiji unaojulikana kama DMDP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijenga barabara za lami zenye mitaro, taa na njia za miguu katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Pale mifuniko ya mitaro inapoibwa au kuvunjika bila kurudishwa, njia ya miguu hugeuka mtego, hasa mvua zinapojaza maji mtaro usionekane.

Baiskeli ina hali yake. Mbele ya sheria ni chombo cha barabarani, na mwendeshaji ana haki ya kuwa kwenye lami kama dereva mwingine yeyote. Honi na matusi ya daladala hayamwondolei haki hiyo. Naye anawajibika kukaa kushoto, kutii taa na alama, kuwa na breki zinazoshika, na usiku kuwa na taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Kujishikiza kwenye lori ili livute baiskeli mlimani ni kosa na ni njia ya haraka ya kuingia chini ya tairi la nyuma.

Wanaotegemea baiskeli pembezoni ni watu wa kazi zaidi kuliko wa mazoezi: wauza mkaa wanaoingia Mbagala na magunia yaliyopita urefu wa mwendeshaji, wauza samaki waliotoka soko la Feri alfajiri, wauza mikate, wanoa visu. Mzigo wa namna hiyo huifanya baiskeli ya kawaida ya Phoenix iyumbe, na gari linaloipita kwa karibu huiangusha kwa upepo tu. Dereva anayepita baiskeli anatakiwa aache nafasi ya kutosha. Kama haipo, asubiri. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umekuwa ukidai njia za baiskeli na kuandaa misafara ya baiskeli jijini ili waonekane. Njia zilizopatikana mpaka sasa zina kasoro moja kubwa: hukatika ghafla kwenye makutano, mahali ambapo mwendeshaji anazihitaji kuliko popote.

Haki nyingi za mwenda kwa miguu huja kutumika baada ya kugongwa, na hapo siku za mwanzo ndizo zenye uzito. Jambo la kwanza ni uhai: majeruhi afikishwe hospitali, iwe Mwananyamala, Temeke au, kwa mifupa na kichwa, taasisi ya MOI pale Muhimbili. La pili ni namba ya gari. Gari lisilojulikana haliwezi kudaiwa, hivyo shahidi anayepiga picha ya namba ameshafanya kazi kubwa kuliko anayempiga dereva. Kumpiga dereva au kuchoma gari ni jinai, na kunampa dereva sababu halali ya kukimbilia kituoni badala ya kusimama. La tatu ni taarifa polisi na fomu namba tatu, PF3, ambayo huunganisha jeraha na ajali. Ndugu mmoja aifuatilie kituoni huku wengine wakibaki na mgonjwa.

Hapa ndipo desturi ya kumalizana huingia. Dereva au mwenye gari hulipa gharama za siku ya kwanza, huongeza kidogo, na karatasi husainiwa kwamba majeruhi hana madai tena. Kwa mchubuko, ni suluhu ya kiungwana. Kwa mguu uliovunjika ni biashara ya hasara, maana chuma kikiwekwa na kutolewa, na miezi ya bila kazi ikihesabiwa, fedha ile huwa imekwisha wiki ya pili, na ile saini hubaki ikimfunga. Haifai kusaini chochote kabla daktari hajasema jeraha litachukua muda gani.

Dereva akipatikana na hatia mahakamani na kutozwa faini, faini hiyo huingia serikalini. Majeruhi hapati hata shilingi humo. Fidia yake hutoka kwenye mlango mwingine, nao ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani, pikipiki na bajaji zikiwamo, kiwe na angalau bima ya kufidia watu wengine, ile ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Bima hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama mwenda kwa miguu. Yeye ndiye huyo mtu mwingine, ingawa hakuwahi kulipa ada yake. Uhai wa bima ya gari huweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kampuni ikizungusha, malalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Chombo kisipokuwa na bima, dereva na mmiliki hudaiwa wenyewe. Mmiliki hawezi kujivua kwa kusema gari lilikuwa mikononi mwa dereva aliyemwajiri.

Madai ya fidia kwa uzembe yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Wengi hupoteza haki yao kwa kusubiri kesi ya jinai iishe. Hukumu ya jinai ni msaada, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inairuhusu itumike kuthibitisha kosa, lakini saa ya ukomo haisimami kuisubiri. Aliyegongwa akifariki, sheria ya Sura ya 310 inawapa mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea haki ya kufidiwa. Kwa kawaida msimamizi wa mirathi ndiye anayefungua shauri, hivyo familia hutangulia kupata usimamizi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia kilichopo Temeke hushughulikia mirathi. Kama marehemu au majeruhi naye alichangia ajali, tuseme alivuka akitazama simu, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya uzembe wake, haifutwi. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na TAWLA.

Njia ngumu kuliko zote ni ya kuidai mamlaka yenyewe, kwa mfano mtu akitumbukia katika mtaro usio na mfuniko. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na marekebisho ya 2020 yamezileta halmashauri katika utaratibu huo: Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa mkazi wa Chamazi aliyevunjika mkono, hiyo ni safari ndefu kuliko ya kuidai daladala, na matokeo yake ni kwamba makosa ya usanifu wa barabara mara chache hufika mbele ya jaji. Kinachobaki mikononi mwa wananchi ni kudai kabla ya ajali. Barabara za Bagamoyo, Kilwa na Mandela ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kamati ya shule au serikali ya mtaa inayotaka tuta, zebra au mfuniko wa mtaro iandike barua kwa mamlaka husika, ieleze mahali hasa, igongewe muhuri wa kupokelewa na ibaki na nakala. Ajali ikitokea mahali palepale baadaye, barua hiyo itathibitisha kuwa mamlaka ilikwisha kuarifiwa.